Kuuziwa Mlango Wangu Mwenyewe

Jumanne, 3 Machi. Asubuhi manyunyu, upepo kidogo, jua halikutoka mpaka saa mbili.

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha vumbi la mbao kimekuacha. Mimi mzima. Mama, dada yako, mguu umepungua uvimbe, ila bado anauburuta akitaka kuhurumiwa, na akisahau anatembea sawasawa. Yuko kwa kaka, ambako watu tisa wanalala vyumba viwili kama vijiti vya kiberiti. Hospitalini hapana jipya. Mashuka mia tatu na kumi na mawili yalitoka stoo yangu mwezi uliopita, yakarudi mia tatu na manane. Yale manne nayatafuta na nitayapata.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Yule mzee mwenye nyumba alifariki Januari, nilikwambia. Mwanawe, tunayemwita Mrithi, hataki usumbufu wa wapangaji. Anauza. Unaikumbuka nyumba: sehemu sita zinazozunguka ua, kila sehemu vyumba viwili. Kila mpangaji ameambiwa anunue sehemu yake au ahame mwisho wa Juni. Kusema kweli nilifurahi. Jirani yangu Mama Pasi, anayepigia watu nguo pasi, alitajiwa bei sawa na kodi ya miaka minane, na chama chetu cha akiba kazini kinaweza kunifikisha hapo. Minane. Si tisa.

Jana akaja dalali wa Mrithi, kijana wa tai nyekundu, na daftari lake. Akagonga mlango kwa kidole, akasikiliza kama daktari.

"Mbao ngumu hii," akasema. "Imechongwa kwa mkono."

"Najua. Aliyeichonga ni mjomba wangu."

Akaandika. Akafungua kabati la ukutani, akazungusha bomba la sinki, akahesabu rafu. Akaandika, akaandika. Mwisho akanitajia bei: kodi ya miaka kumi na mmoja.

Nikamwambia, "Vyumba vyangu na vya Mama Pasi ni pacha. Hii mitatu ya juu ni ya nini?"

"Ya mlango, kabati, sinki, rafu na sakafu laini, mama."

"Vyote hivyo nimeviweka mimi!"

"Mimi nahesabu kilichopo. Aliyekileta simhesabu."

Mjomba, nauziwa mlango wangu mwenyewe! Nauziwa siku zako kumi na nne za likizo ulizokuja kuchonga ukila wali wangu ulioungua!

Na ubaya ni kwamba sina wa kumlaumu kikamilifu. Unakumbuka tulivyokuwa tukificha? Mzee akija kuchukua kodi, natundika shuka juu ya kabati, naufungua mlango mpaka ukutani na kuufunika kwa mikeka, nasema natengeneza godoro. Niliogopa akiona uzuri atapandisha kodi. Kwa hiyo hakuna karatasi hata moja inayosema nini ni changu. Iko shajara yangu tu, ambayo tangu shule naandika tarehe, hali ya hewa na nilichofanya. Dalali ameitazama akacheka. "Mama, hata mimi naweza kuandika kwamba juzi ilinyesha."

Nafikiri nitatafuta pa kupanga kwingine. Afadhali nilipe kodi mpaka kaburini kuliko kumnunua mjomba wangu kwa mtu asiyemjua.

Mpwa wako.

*

Jumamosi, 21 Machi.

Bi Daftari, mpwa wangu,

Marahaba. Dereva wa lori la mbao ameleta barua yako ikiwa na alama ya gurudumu juu yake, nikajua ni ya mtu mwenye hasira. Mwambie dada yangu aache kuuburuta mguu. Baba yetu alifanya hivyo miaka kumi akawazika watoto wake wawili. Mimi sijambo. Karakana ipo. Majirani wazima, mbuzi wa mhunzi ameingia tena akala mkanda wangu wa kupimia, sasa ana futi mbili tumboni.

Nimekusikia. Una haki ya kukasirika. Lakini nunua.

Nyumba ya kupanga ni koti la kuazima, mpwa wangu. Mwenyewe akisikia baridi analifuata. Umelivaa miaka kumi na mmoja, umelishona vifungo, umelitia kiraka, na bado si lako. Wewe si mtu wa kuhamahama. Mtu anayetafuta mashuka manne kwa mwezi mzima atahamaje?

Nina maswali, na usiniulize kwa nini. Mlango bado unataka kusukumwa kwa bega siku za mvua? Kutoka mlangoni mpaka chumba cha ndani ni hatua ngapi? Na kutoka hapo mpaka bombani? Rafu zile nilizipigilia kwa usawa wa kifua, au wa bega? Umri unasahaulisha.

Kuhusu karatasi, hasira haijengi. Nunua, halafu ukasirike ukiwa kwako.

Mjomba wako.

*

Jumamosi, 4 Aprili. Asubuhi mawingu mazito, hakuna mvua. Joto.

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, umemkasirisha kwa habari ya babu. Mashuka matatu yamepatikana. Moja alikuwa amejifunga mlinzi wa lango kama shuka la kwao.

Kwanza, barua yako inapanda kilima. Mstari unaanza chini kushoto unaishia juu kulia, na maneno mawili yamekaliana. Wewe, unayeitwa Fundi Pembe kwa sababu hukubali meza yenye pembe isiyo mraba! Ulikuwa umeandikia juu ya mbuzi?

Pili, hatua sikuzihesabu. Mimi naibiwa, wewe unaniuliza hatua! Kama unataka kujua ukubwa wa vyumba kwa ajili ya thamani, muulize Tai Nyekundu, yeye ndiye aliyeandika kila kitu.

Nimetafuta vyumba vya kupanga siku tano. Cha kwanza, mwenye nyumba aliniangalia vidoleni kutafuta pete. "Huna mume? Basi kodi atalipa nani?" Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Akasema, "Hicho kinavuliwa siku yoyote." Kana kwamba mume havuliwi! Cha pili hakina dirisha. Dalali alisema ndiyo maana ni salama. Cha tatu ni safi, karibu na hospitali, kodi ninaiweza. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Akanisomea masharti kutoka ubaoni. Taa saa tatu. Redio hapana. Mgeni wa kulala hapana.

"Hata ndugu? Hata mjomba?"

"Hasa mjomba," akasema. "Wajomba wote wa wapangaji wangu walikuwa na sura tofauti kila wiki."

Nilitaka kucheka nikakumbuka nimekasirika.

Kabla sijaamua, nifanyie jambo moja. Niandikie hati kwa mkono wako, na sahihi, kwamba mlango, kabati na rafu ulizitengeneza wewe kwa mbao nilizonunua mimi. Tarehe ninazo. Mlango uliwekwa 12 Julai, miaka minane iliyopita, asubuhi ya mvua kubwa. Nitaiweka mbele ya Mrithi mwenyewe, sio kibaraka wake. Ni mistari mitano tu.

Mpwa wako.

*

Alhamisi, 30 Aprili.

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Nimejikata kidole, na anayeniandikia ni mke wa mwuza misumari, mwenye hati nzuri na umbea mwingi, kwa hiyo sitasema mengi. Wote hapa wazima. Mbuzi naye.

Hati sitaandika. Fundi haandikiani hati na mlango wake. Mlango ukifunga, ndiyo sahihi yangu.

Lakini sikuachi hivi hivi. Dereva atakupa bahasha. Nimepunguza vitu karakanani ambavyo sikuvihitaji, na kilichopatikana kinajaza pengo la hiyo miaka mitatu kwa sehemu kubwa. Lipa bei yao. Acha wacheke. Usinirudishie, na usiniulize nimepunguza nini.

Hatua hujaniambia.

Mjomba wako.

*

Jumapili, 17 Mei. Asubuhi anga jeupe, umande, jua kali kufikia saa tatu.

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kidole kimepona? Mama anakusalimu na anauliza kwa nini humwandikii yeye. Shuka la nne halijapatikana.

Bahasha hii hapa, dereva anakurudishia kama alivyoileta, sikuifungua hata gundi. Nilimuuliza umeuza nini. Akajikuna shingo, akasema, "Fundi siku hizi anagusa mbao kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye kundi la watu." Nikamwambia sijauliza mashairi, nimeuliza kilichouzwa. Akasema muulize mwenyewe. Haya, nakuuliza. Kidole kimoja ndicho cha kumfanya mtu asitie hata sahihi?

Lakini ngoja nikwambie nilichofanya, maana kama sitakisema nitapasuka.

Ulipokataa kuniandikia hati, nilikaa nikaisoma shajara nzima, miaka kumi na mmoja. Nikagundua kwamba mimi sijawahi kutupa kitu. Siku ile tulipoweka mlango wako, wa zamani wa bati niliusimamisha nyuma ya stoo ya uani, nikaubandika kibandiko: *Mali ya mwenye nyumba. Umetolewa 12 Julai. Mvua kubwa.* Beseni lililokuwa mahali pa sinki lipo. Kamba iliyokuwa badala ya kitasa ipo. Hata misumari yake iko kwenye kopo, na kopo lina tarehe.

Jumapili iliyopita, saa moja asubuhi, nikamwita Mama Pasi.

"Leta bisibisi."

"Unahama?"

"Nairudisha nyumba kwa wenyewe."

Tulifanya kazi mpaka saa kumi. Mlango ulitushinda mara mbili. Bawaba zako hazikubali upuuzi. Kabati tulilitoa ubao mmoja mmoja. Tukang'oa hata ile sakafu laini, zulia la plastiki nililolipa kwa miezi mitano. Kila kitu kimelala chumbani kwa Mama Pasi, kimefungwa kwa mashuka. Yangu, si ya hospitali.

Jumatano nikamwita Tai Nyekundu aje akadirie upya. Akasimama mlangoni, akatazama bati, akatazama kamba.

"Mlango uko wapi?"

"Si huo hapo?"

"Ule wa mbao!"

"Wewe si unahesabu kilichopo? Hesabu."

Mama Pasi alilazimika kwenda kucheka uani. Kijana alizunguka, akachungulia beseni, akakanyaga saruji iliyopasuka. Akasema huu ni wizi. Nikamwonyesha kibandiko kwenye bati: mali ya mwenye nyumba, imetunzwa, imerudishwa, haikupotea hata msumari. Nikamwambia aandike bei, atie sahihi na mhuri, na tarehe. Mjomba, imeshuka mpaka miaka saba na nusu! Chini ya ya Mama Pasi, kwa sababu yeye alipaka rangi.

Niliishika karatasi ile mkononi nikasubiri furaha. Haikuja. Ilikuja hasira nyingine, kubwa zaidi. Kwa hiyo hii ndiyo nyumba wanayoniuzia? Bati na beseni? Miaka yote niliyoishi vizuri, kumbe ni mimi na wewe tulioishi vizuri. Wao walitupa ukuta tu. Kwa nini niwape hata miaka saba na nusu?

Nimemwambia mwalimu mstaafu nitachukua chumba chake kuanzia tarehe 15 Juni. Amenipa ufunguo nione kama unageuka. Kina mlango tayari, kwa hiyo wako nitakurudishia kwa lori safari ijayo. Uuze, usiuze mengine.

Najua ulitaka ninunue. Nisamehe. Nimechoka kuwatengenezea watu nyumba zao.

Mpwa wako.

*

Jumanne, 26 Mei.

Mpwa wangu,

Marahaba. Dereva amekubali kungoja injini ikiwa inawaka, basi sikiliza.

Nilianza kumwambia mwandishi wangu aandike kwamba kidole hakijapona. Ameweka kalamu chini. Anasema ameandika uongo mmoja kwa heshima ya mvi zangu, wa pili hauandiki, nitafute mtu mwingine. Mtaani kwetu hakuna mtu mwingine. Haya.

Sioni.

Sijajikata kidole. Ilianza mwaka jana, pembeni pembeni, nikadhani ni vumbi. Sasa ni kama ninatazama kupitia kioo kilichopakwa gundi. Najua mchana na usiku, najua mtu na nguzo, basi. Daktari amesema si mtoto wa jicho wa kutoa. Ni mishipa ya ndani, na iliyokwenda hairudi. Barua yangu ya kwanza ilipanda kilima kwa sababu nilikuwa siuoni mstari. Hati sikuiandika kwa sababu ungeiona sahihi yangu imeangukia mezani.

Nimeuza benchi, randa zote na misumeno. Randa ndogo nimebaki nayo, siwezi kusema kwa nini.

Tangu shangazi yako wa hapa, mke wangu, anitangulie, nimepanga nyumba hii ambayo naijua kwa macho tu. Macho yamekwenda, nayo imekuwa ngeni. Nagonga kila kitu. Nikakaa nikajiuliza: duniani kote, ni wapi ambapo mikono yangu ilishafika kabla yangu? Dada yangu yuko kwenye kiberiti cha watu tisa. Basi nikakumbuka vyumba vyako. Ule mlango nauona kwa kiganja, na fundo lililo chini ya kitasa, upande wa kushoto, nililokataa kulificha kwa sababu lilikuwa kama jicho. Ukingo wa kabati niliuviringisha mwenyewe. Ndiyo maana nikauliza hatua.

Nilitaka ununue, halafu nije kama mgeni, nigundulike polepole. Nilifikiri nikisema kwanza, utanunua kwa huruma, kwa bei ya wezi. Kumbe nimekufanya ung'oe mahali pekee ninapopajua! Nilipousikia ukurasa ule wa bisibisi nilicheka, halafu nikaacha.

Sasa panga utakapo, sikulazimishi, na nasema hivi kwa dhati. Ila mlango usiulete. Sitaki kuupapasa ukiwa umeegemezwa ukutani bila kufungua popote.

Na huyo mwalimu mwambie mimi sura yangu ni moja tu kila wiki.

Mjomba wako.

*

Jumapili, 7 Juni. Asubuhi mvua ya rasharasha, ikakatika saa mbili, kisha kuzizima.

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima. Nimemwambia, kwa sababu katika ukoo huu sasa mambo yanasemwa. Aliinuka, akatembea bila kuburuta mguu mpaka kwenye sanduku lake, akaanza kukunja nguo aje akupokee. Nimemsihi angoje.

Nimekukasirikia wewe kuliko Mrithi, Tai Nyekundu na wenye nyumba wote wa mji huu, na naomba mke wa mwuza misumari akusomee sentensi hii mara mbili. Mwaka mzima! Unamwambia dereva wa lori kwa vidole vyako juu ya mbao na mimi unaniandikia habari za mbuzi! Kisha nikageuka nikajikasirikia mimi. Nani alikuwa akitundika shuka juu ya kabati miaka minane? Mimi nilificha kizuri, wewe ukaficha kibaya, wote tukiogopa bei itapanda. Nimechoka na kuficha.

Ijumaa nilikwenda kwa Mrithi na karatasi yenye mhuri. Tai Nyekundu alikuwepo. Akasema ile bei ilikuwa ya makosa. Nikamsomea tarehe, nikamsomea hali ya hewa ya siku hiyo, nikamuuliza kosa liko kwenye bati au kwenye beseni. Mrithi akamtazama, akaniuliza mimi, "Kwani unafanya kazi gani, mama?" Nikasema nahesabu mashuka. Akasema, "Weka sahihi kabla hujanihesabu na mimi." Saa nne na robo nilikuwa nimemaliza. Miaka saba na nusu, chama kimelipa, mimi nitakilipa chama. Pengine nimekuwa mjinga kuwapa hata hiyo, lakini huu ujinga una ufunguo.

Saa sita mlango ulirudi. Uliingia kwa lango kuu, umebebwa na Mama Pasi na mumewe na mimi, mchana kweupe, bila shuka. Tai Nyekundu alikuwa uani kwa shughuli ya jirani. Akaushuhudia ukipita. Nikamwambia, "Andika, mwanangu, sasa andika."

Ufunguo wa mwalimu nimemrudishia. Akasema nitajuta. Nikamwambia mjomba anakuja.

Sasa usikilize vizuri, nimefanya kazi hii kwa siku mbili. Mwaka ule niliandika vipimo vyote, nilidhani ni tabia tu. Kila skrubu imerudi kwenye tundu lake. Kitasa kiko inchi thelathini na nane kutoka sakafuni, na fundo liko chini yake, kushoto. Rafu ya kwanza ni usawa wa kifua chako, si changu. Siku za mvua mlango bado unataka bega. Leo asubuhi nimeujaribu.

Na hatua. Nilifumba macho, nikatembea taratibu kama wewe. Mlangoni mpaka chumba cha ndani, sita. Hapo mpaka kitandani pako, tatu. Kitandani mpaka bombani, tisa, ukipitisha mkono wa kulia kwenye ukingo wa kabati ulioviringisha. Usiuachie, utakuongoza mwenyewe. Nilirudia mara nne. Mara ya kwanza niligonga goti kwenye beseni la Mrithi. Nimelitoa.

Lori linarudi Alhamisi. Dereva ameambiwa akupandishe mbele, na mkoba wako, na randa ndogo. Usilete kingine.

Mpwa wako, Bi Daftari.

Nyongeza, Jumatatu asubuhi, 8 Juni, anga safi. Tangu Machi shajara yangu imekuwa ikiandika usingizi saa saba, saa nane, saa tisa. Jana nilifunga mlango, nikausikiliza ukikaa mahali pake, nikaketi kidogo kitandani pako kuona kama kinalia. Hakilii. Nililala saa tatu na dakika ishirini.